Uchungu wa Nereida

Katika studio ya Wilfrido, mjini Bonao, kikombe cha kahawa yenye sukari tele huwekwa kando ya maikrofoni kabla ya wimbo wa bachata kurekodiwa. Mwimbaji akimaliza, Wilfrido huonja. Kahawa ikiwa imegeuka chungu, moyo umevunjika kweli na wimbo unatoka. Ikibaki tamu, watu hurudia, au huenda zao nyumbani.

Kahawa ya Briseida Luján ilibaki tamu wiki nzima. Huyu alikuwa nyota wa pop kutoka Miami, aliyezoea kujaza viwanja kwa nyimbo za kurukaruka, na sasa alitaka kujaribu bachata, muziki wa waliotendwa. Sauti alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu aliyewahi kumwacha.

Nereida, aliyekuwa akikwaruza güira, ala ya bati, katika bendi ya studio, hakumwamini tangu siku ya kwanza. Mgeni anayekusifia viatu vilivyochakaa ana lake jambo. Mara Briseida alimletea peremende za mapera, mara akaketi naye uani kumenya ndizi, na kila mara mazungumzo yaliishia kwa Fausto, mume wa Nereida, aliyekwenda New York akiahidi kumtumia tiketi, akaoa huko huko.

"Nisimulie tena mlivyoagana uwanja wa ndege," Briseida alisema.

"Si nilikusimulia jana?"

"Tena, mpenzi. Polepole."

Nereida alijua anachimbwa. Lakini wengine walishachoka na habari za Fausto, na kusikilizwa nako kunalewesha. Akasimulia. Kila aliposimulia alilala usingizi mzuri zaidi, na hilo ndilo lililomtia shaka. Asubuhi moja aliitafuta kichwani rangi ya shati alilovaa Fausto siku ile, akaikosa. Briseida akamkumbusha: la manjano, kifungo kimoja hakipo.

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyelipiga pasi," Briseida alisema, machozi yakimlengalenga.

Siku hiyo kahawa ilikuwa chungu hata Wilfrido akaitema. Nereida alimweleza bila kuficha kwamba ameibiwa uchungu wake. Wilfrido hakubisha. Alisema wizi anauona, ila wimbo ndio huo umepatikana, na kwani yeye Nereida alitaka kulia mpaka lini? Nereida alikasirika, kisha akatafuta cha kukasirikia asikione.

Wimbo ulitoka kwa jina la Briseida. Jumapili ulipigwa dukani kwa Chago, wanaume wakainamia bia zao, na dada yake Nereida akalia waziwazi. Nereida alicheza, na alicheza vizuri, nyonga nyepesi. Ulipokwisha akamsogelea dada yake.

"Huyo mwanamume wa kwenye wimbo alimtenda nani?"

"Wewe."

Nereida aliutazama uso ule uliolowa, akaona hauongopi.

"Basi lazima nilimpenda sana," alisema, akaenda kumwomba Chago aupige tena.