Panya Chini ya Tembo

Picha ile nimeipangusa vumbi tangu tuhamie Kamembe, upande wa Rwanda, na sijawahi kuipenda. Cassien, mume wangu, aliitoa Bukavu alipokuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa magazeti, akaiwekea fremu kwa mikono yake. Ni katuni ya Kifaransa, ya zamani kuliko sisi wote wawili, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Mhariri mnene ameshika kioo cha kukuzia mbele ya panya aliye juu ya meza. Ukutani kivuli cha panya kimekuwa tembo, na watu wanatoka mbio, chakula wamekiacha, mbwa anakila.

Kwa ajili ya katuni hiyo nyumba yetu ina sheria. Anayeleta habari husimama chini ya picha, na Cassien humuuliza kama ameona kwa macho yake. Kama hakuona, anaambiwa akae, na habari inaishia hapo. Wageni hucheka. Mimi nilishaacha kubisha, maana niliwahi kuvuka mpaka nikilia kwenda kumzika shangazi, nikamkuta jikoni anakaanga ndizi. Nilichekwa mwaka mzima.

Jumanne asubuhi aliingia Nabintu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, beseni bado kichwani.

"Maman Uwineza! Binti yako amezaa mu bwato, katikati ya ziwa! Batoto batatu! Iko ku santé."

Santé ni kituo cha afya. Uwineza ni kifungua mimba wetu, ameolewa kisiwani Nkombo. Mumewe yuko Kigali kikazi, na mimba ilikuwa bado mwezi mzima.

Cassien hakuinuka kitini. "Simama hapa, Nabintu. Uliona na macho?"

"Hapana, Papa. Balinielezea kule mabwato inafikiaka."

"Batoto batatu?"

"Bengine balisema babili."

"Basi, ikala."

Nabintu hakukaa. Alinitazama mimi, kisha akaondoka na beseni lake.

Nilimpigia Uwineza, hakupatikana. Cassien akasema huko kisiwani mtandao unasumbua kila siku. Nikapika uji wa mzazi, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikajifunga kitenge.

"Uko naenda wapi?" aliuliza, na kicheko kilikuwa karibu. "Batakucheka tena, Mukamana."

Nikaiweka chupa chini. Nikafagia ua niliokwisha kuufagia. Nikamenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa na njaa nazo. Nikapiga simu, nikatoka hadi barabarani, nikarudi, nikapiga tena. Nilimchukia Cassien kwa utulivu wake, na nikajichukia mwenyewe kwa kumsikiliza.

Alasiri nilijikuta nimesimama mbele ya ile picha, sina hata kitambaa mkononi. Nikamwangalia tembo. Nikawaangalia wanaokimbia. Kisha nikamwangalia panya. Miaka yote tumemcheka tembo, na panya yuko palepale juu ya meza, panya wa kweli, mpaka na mkia wake.

"Cassien," nilisema, "panya yupo."

"Nini?"

Nilichukua chupa yangu, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

Kwenye kituo cha afya chakula cha mzazi huletwa na watu wa kwao. Uwineza alikuwa kitanda cha mwisho, na mtoto mmoja tu, mdogo mno, kafungwa kwenye kitenge cha watu. Mama wa mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anamnywesha Uwineza uji. Kweli Uwineza alizaa ndani ya mtumbwi, kabla hawajafika ng'ambo, na simu ilitumbukia ziwani.

"Nilituma habari asubuhi kwa batu ba mabwato, Maman," alisema. "Haikufika?"

"Ilifika."

Akanitazama. Kisha akageukia kikombe cha yule mama, akaendelea kunywa. Uji wangu ulibaki kwenye chupa.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Cassien alikuwa amesimama chini ya picha, bila shaka hakujua kuwa amesimama hapo.

"Uliona na macho?" aliuliza, sauti ndogo.

"Niliona. Mutoto mumoja, wa kiume. Na yeye Uwineza aliona. Tangu asubuhi alikuwa anaangalia mulango, na hakuna muntu wa kwabo aliingia."

Cassien akakaa, bila kuambiwa.