Tawi la Pili

Barua ilikuwa na aya tatu tu, na Dokta aliisoma akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imeotesha kwa mbegu kile kichaka alichokiandikia makala miaka ishirini na tisa iliyopita. Walisaga majani, gome na mizizi, wakachuja, wakapima. Ile dutu inayoua ukungu wa nafaka, aliyosema ameipata humo, hawakuiona hata chembe. Walimpa siku sitini aeleze. Zikipita, wangechapisha matokeo yao na kuomba makala yake ifutwe.

Aliketi. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Alikuwa ameanza kazi katika taasisi ile kama mbandikaji wa mimea mikavu, msichana wa kukaza matawi kwenye karatasi ngumu na kuandika lebo. Baadaye akaenda kusomea kemia. Baba yake, seremala aliyetaka binti muuguzi, alipomuuliza kisa, alijibu kwamba sura ya mmea ameshaijua, sasa anataka kujua kilichomo ndani. Tangu hapo alikuwa ametoa makala hamsini na tatu na kuwafundisha wakemia kumi na wanane, mmoja wao ndiye mkurugenzi wake wa sasa. Hata hivyo, jina lake lilijengwa na jambo moja: dutu ile nyeupe, fuwele zake kama sindano, iliyopewa jina la kichaka chake. Hiyo ikifutwa, makala hamsini na mbili zilizobaki zingesomwa kwa jicho la pembeni.

Fundi wa maabara aliingia na trei ya chupa. Wote walimwita Mzee wa Mizani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugusa mizani yake kabla ya kunawa mikono mbele yake, hata wageni wenye tai.

"Dokta, umekunja uso kama uliyetafuna kwinini."

"Soma."

Alishusha miwani hadi puani, akasoma taratibu. "Wanasema tuliota ndoto."

"Wanasema hawakuiona. Hayo ni mambo mawili."

"Si ipo kwenye kichupa pale kabatini? Tuwapelekee, wailambe."

"Kuwepo ipo. Wanachouliza ni ilitoka wapi."

Mzee wa Mizani aliweka trei mezani. Yeye ndiye aliyekata matawi ya kichaka hicho siku walipokikusanya. Walikwenda wawili, yeye na mkasi, Dokta na daftari.

Kesho yake asubuhi mkurugenzi alimwita, akafunga mlango na kumvutia kiti mwenyewe. Dokta alijua hapo kwamba linakuja jambo lisilopendeza.

"Mwalimu, nimelifikiria sana," alisema mkurugenzi. "Tuandike kwamba sampuli zilichanganywa na mkusanyaji. Enzi zile vifaa vilikuwa duni, na msaidizi hakuwa na mafunzo. Yanaisha kimya kimya, hakuna anayeumia."

"Msaidizi huyo yuko chini hapo, anaosha chupa zako."

"Hatutamtaja jina."

"Mkusanyaji alikuwa mmoja. Usipomtaja, umemtaja."

"Mwalimu, ninakulinda wewe."

"Najua. Nami nilikufundisha kusema jambo baada ya kulipima. Umepima nini?"

Mkurugenzi alishika kalamu akaizungusha vidoleni, kama alivyokuwa akifanya darasani.

Habari za ofisini hazihitaji posta. Kabla ya chai ya saa nne, Mzee wa Mizani alikuwa mlangoni kwa Dokta, kofia mkononi.

"Sema ni mimi," alisema. "Jina langu halijawahi kuchapwa popote. Litaharibika vipi?"

"Lebo ya tawi tulilohifadhi ina mwandiko wa nani?"

"Wako."

"Basi nenda kaniandalie kopo la maji ya moto. Twende tukaitazame karatasi yenyewe."

Watu wa kazi yao wana desturi. Kila gunia la mmea linaloingia maabara sharti tawi lake moja au mawili yakaushwe, yabandikwe kwenye karatasi, yapewe namba na kufungiwa kabatini. Mmea unaosagwa hauna ushahidi mwingine. Karatasi ya kichaka ilikuwa namba mia nne na kumi na mbili. Dokta alikuwa ameitoa mara nyingi kuwaonyesha wageni, nao waliisifu kwa unadhifu: matawi mawili yamelala sambamba, majani yametandazwa, vipande vyembamba vya karatasi ya gundi vimekatwa kwa rula.

Safari hii aliipeleka dirishani, akashika lenzi. Alianza na tawi la kwanza, jani baada ya jani, kama aliyekuwa hajawahi kuliona. Majani yalipishana, moja huku moja kule. Akahamia la pili. Umbo lilikuwa lile lile na urefu ule ule, ila majani yalisimama mawili mawili, yakitazamana. Alihesabu jozi saba.

"Niletee maji."

Alilowesha kipande cha gundi kilichofunika shina la tawi la pili, akakiinua kwa koleo. Chini yake palikuwa na uvimbe, kama goti, mahali ambapo mti mmoja ulikuwa umeingia ndani ya mti mwingine.

Mzee wa Mizani aliinama. "Huyu si kichaka. Huyu ni mpangaji."

"Mpangaji asiyelipa," alisema Dokta.

Ulikuwa mmea wa kimelea, wa ile jamii ambayo ndege hubandika mbegu zake zenye ulimbo juu ya tawi la mti, zikaota pale pale na kuunyonya. Siku ile haukuwa na maua, na majani yake yalifanana mno na ya mwenyeji wake. Mkasi ulikata vyote pamoja, na vyote vikaingia gunia moja. Lakini mkasi haukuwa na kazi ya kutambua mmea. Kazi hiyo ilikuwa ya Dokta, na yeye, kwa kutaka karatasi ipendeze, alikuwa amebandika gundi juu ya jibu. Alitafuta hasira moyoni akaikosa. Alichokipata ni hamu ile ya kazi iliyomtoa kwenye kubandika ikampeleka kwenye kemia.

Nyumbani alimweleza mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miaka yote alililalamikia kabati la mimea kana kwamba ni mume mwenza.

"Kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi, njia ndiyo iliyokosewa," alisema mumewe.

"Ndivyo ninavyodhani. Sijapima."

"Mwanafunzi wa namna hiyo nilikuwa nampa nusu ya alama."

"Naye alifanyaje?"

"Alilia. Nusu yake haikuongezeka."

Wiki iliyofuata walirudi kwenye kile kilima, Dokta, Mzee wa Mizani na gari la taasisi. Vichaka vilikuwepo, vingi safi, vichache vimevamiwa. Walikusanya mafungu matatu: kichaka safi, kichaka kilichovamiwa, na kimelea chenyewe. Wakati Dokta anaandika lebo, Mzee wa Mizani alikuwa anazungukazunguka, shingo juu.

"Dokta, mpangaji wetu ana nyumba nyingine. Yupo kwenye ule mti wa kando ya barabara. Tumchukue na huyo?"

Dokta aliacha kuandika. Fungu la nne halikuwa kwenye mpango wake, nalo lilipaswa kuwemo tangu mwanzo, lionyeshe kama kimelea kina dutu ile popote kiotapo.

"Mchukue," alisema. "Tawi lake la ushahidi ubandike wewe."

Walikausha kivulini, wakasaga, wakapima uzito sawa, wakaloweka, wakachuja. Siku ya thelathini na nane waliweka tone la kila fungu kwenye bamba la kioo lililopakwa unga mweupe, na pembeni yake tone la dutu ya zamani kutoka kwenye kichupa. Walilisimamisha bamba kwenye kimiminika kilichopanda na kuyavuta matone, na lilipokauka waliwasha taa ya urujuanimno, inayofichua madoa yasiyoonekana kwa jicho.

Kichaka safi: hakuna doa. Kichaka kilichovamiwa: hakuna. Kimelea cha kwenye kichaka: doa zito, sambamba na lile la kichupa. Kimelea cha kwenye mti mwingine: hakuna.

Walirudia mara mbili na majibu hayakubadilika. Basi wenzao wa ng'ambo walisema kweli: kichaka hakikuwa nayo. Wala kimelea peke yake hakikuwa nayo. Ilipatikana ndani ya kimelea, pale tu viwili hivyo vilipoishi pamoja. Namna vinavyoitengeneza Dokta hakuijua, na hakujifanya anaijua.

Aliandika masahihisho kurasa nne. Mkurugenzi alizisoma akasimama kwenye sentensi ya pili: "Kosa la utambuzi lilikuwa langu."

"Tungeweza kusema 'kulitokea kosa'," alisema.

"Halikutokea. Nililifanya."

Mkurugenzi aliguna, akaendelea kusoma. Alipofika mwisho alirudi ukurasa wa kwanza, akaangalia juu, kwenye majina ya waandishi. Yalikuwa mawili, la pili la Mzee wa Mizani. Alichukua kalamu akatia sahihi, na Dokta akamsamehe mengi kwa sahihi ile.

Jibu la ng'ambo lilikuja kabla ya siku ya sitini. Hawangeomba tena makala ifutwe, na waliomba ruhusa ya kunukuu jaribio la fungu la nne, ambalo waliliita ufunguo wa jambo zima. Barua iliandikwa kwa waandishi wote wawili.

Dokta aliishusha ghorofa ya chini mwenyewe. Mzee wa Mizani alifuta mikono, akaisoma yote, halafu akarudia mstari wa kwanza, wenye jina lake kamili na neno "Mheshimiwa" mbele yake.

"Wanataka ruhusa," alisema.

"Ya fungu la nne. Hilo ni lako. Utawajibu nini?"

Alifikiri sana, kama anayesubiri mizani itulie.

"Waambie wanukuu," alisema. "Lakini wapime wenyewe kwanza."

"Waandikie wewe," alisema Dokta, akamvutia kiti.