Mikwaruzo Iangalie Upande Mmoja

Msasa wa kwanza ulikuwa umeshalainika. Fundi Adriano akachukua kipande kingine, akakizungushia kwenye kibao kidogo cha mbao. Upepo wa asubuhi wa Sumbawanga ulipita chini ya mwavuli wake na kuzichezesha skrubu alizoziweka kwenye kifuniko cha kopo. Alikuwa ameshakitoa kiredio matumbo yote. Lilibaki ganda la chuma tu, amelibana mezani kwa selotepu lisiteleze.

"Dada, nikwambie ukweli," alisema. "Hii mikwaruzo haitoki. Imeingia ndani mno. Nikilazimisha king'ae kama kioo, nitakitoboa."

Agnesi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kitenge amejizungushia mabegani. "Sasa tunafanyaje?"

"Nakikwaruza chote. Ila mistari yote iangalie upande mmoja, myembamba, imelala sawa. Mtu akikiona atadhani kimetoka hivyo kiwandani."

"Ilimradi ile ya zamani isionekane."

Kiredio kilikuwa cha baba yake, Mwalimu Benjamini, aliyefundisha kwaya kule Mwazye tangu Agnesi hajazaliwa. Kilienea mfuko wa shati, kilirekodi sauti na kilikuwa na spika yake. Humo ndani mzee alijirekodi akiimba sauti zote nne za kila wimbo, ili wanakwaya waliobanwa na kilimo wajifunzie huko huko shambani. Wakati wa Kwaresima alianguka njiani, kwenye changarawe, kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na maneno. Kiredio kilikuwa mfukoni, kikaburuzwa pamoja naye.

Hospitali, mtaalamu wa mazoezi aliwashauri wamwimbishe. Wapo wagonjwa, alisema, ambao kuongea kumekataa lakini wimbo ukakubali. Agnesi akampelekea baba yake kiredio. Mzee alikigeuza, akaiona ile mikwaruzo, akakisukuma mbali na kulia. Toka siku hiyo hakutaka kukiona. Hata kikipigwa chumba cha pili, aliziba sikio kwa mkono wake mzima. Agnesi alitumaini kwamba mikwaruzo ikitoka, atakipokea.

Adriano alisugua. Kila mara alianzia juu na kuishia chini, akanyanyua mkono, akarudi juu tena. Hakuzungusha, hakurudisha nyuma. Alinyunyiza maji, akabadilisha msasa kwa ulio laini zaidi. Palipokuwa na alama za mawe pakaanza kufifia, na chuma kikawa na rangi ya kijivu iliyotulia. Agnesi akainuka kutazama kwa karibu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu.

"Nenda kanunue dawa za mzee," Adriano alimwambia. "Ukirudi nitakuwa nimekifunga."

Alikifunga kweli. Alikifuta kwa spiriti, akarudisha saketi yake na betri, akakaza skrubu, akakiviringisha kwenye kitambaa safi. Alikuwa anakitia kwenye droo ndipo gari la mgambo liliposimama.

Mafundi wa barabara ile walishaambiwa wahamie eneo jipya bondeni. Adriano alikwenda kuliona: hapakuwa na umeme wala mtu wa kupita. Alikuwa amerudi, kama wenzake wote. Sasa mgambo wawili waliishika meza yake huku na huku.

"Afande, subiri nitoe vitu vya watu."

"Utavitolea ofisini."

Meza ikapandishwa garini pamoja na droo yake. Mwavuli ulivunjika ubavu mmoja, wakauacha.

Agnesi aliporudi na mfuko wa dawa alimkuta Adriano amesimama mahali pa meza, mikono haina kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Alisema tu, "Twende."

Katika ofisi ya kata walisubiri kwenye benchi hadi mchana. Ofisa aliyeshika funguo za stoo aliitwa Bwana Fabiani, mtu mpole wa sauti, sweta safi. Vitu vilivyokamatwa vilikuwa vimerundikwa nyuma yake.

"Shikamoo," Agnesi alisema.

"Marahaba. Mnadai nini?"

Adriano alieleza: meza hana shida nayo, wamhukumu nayo wanavyotaka, lakini kiredio ni cha mteja. Bwana Fabiani akakitafuta kwenye droo, akakifunua kitambaa, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki ni kipya."

"Si kipya, mkuu. Nimekipiga msasa leo."

"Mama, chako kina alama gani?"

Agnesi akamtazama Adriano. Alama aliijua kama anavyoujua uso wake. Ilianzia kona ya chini ikapanda kama tawi lililokauka, na pembeni ilikuwa na vidoa vya mawe. "Kilikuwa na mikwaruzo," alisema. "Tumeitoa."

"Nani anakwaruza kitu kufuta alama zake?" Bwana Fabiani aliuliza bila ukali. "Mnaelewa hapo mimi naona nini?"

"Kiwashe," Agnesi alisema. "Utamsikia mwanamume anakohoa kidogo, halafu anasema, sauti ya tatu, msikimbie. Ndiye baba yangu."

Bwana Fabiani alibonyeza. Mtu alikohoa. *Sauti ya tatu, msikimbie,* alisema Mwalimu Benjamini kwa maneno kamili, makavu kidogo, kama alivyozungumza siku zote, kisha akaanza kuimba. Kina mama waliokuwa mlangoni wakageuka. Mgambo mmoja alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Umesikia mwenyewe," Adriano alisema.

"Nimesikia. Lakini sauti siyo risiti." Ofisa alibonyezabonyeza kukizima, kitufe kikagoma. "Njoo na risiti ya dukani. Kama huna, barua ya mtendaji wa kijiji, na mwenye mali aje mwenyewe ajieleze."

"Mwenye mali haongei, mkuu. Ndiyo sababu ya yote haya."

"Basi aandike."

"Mkono wake ndio uliokufa."

Bwana Fabiani alimtazama. Halafu akakitia kiredio kabatini, kikiimba vile vile, akageuza ufunguo. "Mimi nafuata utaratibu, mama. Jumatatu." Akatoka kwenda kula.

Walizunguka nje. Dirisha la stoo lilikuwa na nondo na kioo kimoja kilichopasuka, na kupitia hapo sauti ilitoka hafifu, imezibwa na bati la kabati. Adriano aliegemea ukuta.

Agnesi alitoa simu, akampigia dada yake kule Mwazye. "Cornelia, mwekee baba simu sikioni." Akangoja. "Baba, ni mimi. Wamekichukua kiredio chako. Wamekifungia kabatini na hawataki kunipa. Kinaimba peke yake humo ndani. Sikiliza." Akanyoosha mkono, akaipenyeza simu kati ya nondo.

Alisikia Cornelia akisema, "Anaisukuma."

"Mrudishie."

Mgambo aliyevua kofia alitokea pembeni ya nyumba. "Mama, hapo haparuhusiwi." Agnesi hakushusha mkono. Mgambo alisimama kidogo, akaangalia njia aliyokwenda bosi wake, kisha akaondoka kuelekea getini.

Ndani ya kabati, Mwalimu Benjamini alimaliza ubeti na kuanza kiitikio. Kwenye simu palikuwa na pumzi tu. Halafu ukatoka mguno, mzito, usio na neno. Ulipanda, ukakosea, ukashuka, ukaipata noti ya sauti ya tatu na kuikalia.

Betri ya kiredio ilikuwa chakavu. Katikati ya mstari, sauti ya kabatini ilipungua na kukatika.

Agnesi aliitoa simu kwenye nondo, akaiweka kati yake na Adriano. Mzee alikuwa bado anaendelea.