Kutu ya Mlango wa Dereva

Vilikuwa vidoa vitatu tu vya kutu kwenye mlango wa dereva, kila kimoja kama punje ya choroko. Mwalimu Damas, mkimbizi wa Burundi aliyeishi Ulyankulu, alimletea Twalibu, fundi wa mabati ya magari mjini Tabora, gari aina ya Pijo, mwaka wa sabini na nne. Aliongozana na Apolinaria, mjane wa kaka yake Modest. Gari lilikuwa la Modest. Alikimbia nalo yeye na mkewe, akafa njiani kwa homa. Ndivyo Apolinaria alivyoeleza, na tangu hapo Damas alilitumia kuwapeleka wagonjwa hospitali.

"Kazi ndogo, mwalimu," Twalibu alisema. "Adhuhuri mnaondoka."

"Si upake rangi juu yake tu?" Apolinaria aliuliza.

"Itabanduka, mama."

Akakwangua. Badala ya bati, likang'oka donge la puti ya kuzibia mashimo ya bati, likadondokea ndani ya mlango. Kidoa cha pili, vilevile. Twalibu akachungulia. Kingo za bati zilikuwa zimekunjamana kuelekea ndani. Ujanani alipigana vita Burma, matundu ya namna hiyo aliyajua.

"Mwalimu, gari hili lilipigwa risasi."

"Gari hili? Haiwezekani!"

Damas akafungua mlango, akabandua kitambaa cha ndani. Matundu yalikuwa pale, usawa wa ubavu wake anapoketi. Alipogeuka, Apolinaria alikuwa amekaa chini vumbini, pindo la khanga mdomoni.

"Shemeji?"

"Askari walituwekea kizuizi barabarani. Hakusimama. Wakapiga."

"Na ile homa?"

"Mama yenu alikuwa hai bado, habari ingemuua. Na wewe ungerudi kule kulipiza kisasi."

"Nani aliendesha mpaka mpakani?"

"Mimi."

"Wewe hujui kuendesha!"

"Sikujua."

Damas akakitazama kile kiti alichokikalia miaka miwili. Akauliza kaka yake amezikwa wapi hasa, maana siku zote aliambiwa "njiani" tu.

"Kasulu, nyuma ya kanisa. Padri alinisaidia."

Twalibu aliziba matundu kwa bati, akapiga msasa na kupaka rangi. Jioni Damas alijaribu kuketi kwenye usukani, akashindwa. Wakalala kwa Twalibu. Asubuhi wakapanda treni ya Kigoma, waendelee hadi Kasulu wakalione kaburi. Gari wakaliacha uani, wala hawakusema watalifuata lini.