Fatiha ya Gari Jeupe

Fatiha ya kufunga biashara ya gari jeupe ilishasomwa, lakini mikono ya Bi Kazija ilikuwa bado haijatulia. Aliipitisha usoni, akaitikia amin, kisha akairudisha haraka juu ya mkoba uliokuwa mapajani. Humo mlikuwa na fedha za karafuu za misimu miwili, na nyingine hakuwa nazo. Nyumbani, upande wa Chokocho, mumewe Mzee Nyange alikuwa kalalia ubavu mmoja tangu apigwe na kiharusi. Kila Alhamisi alitakiwa hospitali, na Alhamisi mbili mfululizo gari la kukodi halikutokea. Yote hayo Bi Kazija alikwisha kumsimulia muuzaji.

"Basi mamangu, tushamaliza," alisema Azzam, mwenye yadi ile ya magari yaliyotumika. "Fatiha kwetu inapita karatasi. Tia dole gumba hapa, toa malipo ya mwanzo, mwende zenu."

"Karatasi inasema nini?"

"Mambo ya ofisi tu, Bi mkubwa. Yatakuchosha."

Silima, mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye angekuwa dereva, alikuwa keshakaa kwenye usukani, anajitazama kiooni. "Shangazi, tia dole hilo! Wino unakauka."

Bi Kazija aliinuka. Kwao kitu kipya hakiondoki bila kuombewa. Alikwenda mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti asome Ayatul Kursiy. Hakufika mbali. Aliuondoa mkono, akaurudisha polepole, kama mtu anayegusa kifuniko cha chungu.

Boneti ilikuwa ya moto. Gari lilikuwa kivulini, chini ya bati. Na Azzam si alimwambia asubuhi ile ile, kwa kinywa chake, kwamba halijaguswa tangu jana, na tazama lilivyowaka mara moja, kisha akalizima papo hapo? Au lilipashwa moto kabla wao hawajafika?

Akajishauri. Labda ni joto la bati. Labda mimi mzee tu, magari siyajui. Na Fatiha imesomwa, nani wa kuirudisha nyuma? Watu watasema Bi Kazija kaichezea sura ya Kurani. Ya Rabbi, aliomba kimoyomoyo, usiniache nikadhulumiwa, wala usiniache nikamdhania mtu ubaya.

Adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Silima, shuka. Nipe ufunguo, naenda nao msikitini."

Azzam alicheka mdomo tu. "Ufunguo ubaki, mamangu. Kuna wateja wengine."

"Wateja gani tena, mwanangu? Fatiha si imesomwa? Au hatuaminiani?"

Azzam akasogea kando kumpisha.

Baada ya sala alibaki upande wa wanawake na tasbihi yake. Kila punje aliyoisogeza ilimletea kitu: mguu wa Nyange usioinuka, mkoba utakaobaki mtupu, Alhamisi. Silima alikuja mlangoni mara mbili. "Shangazi, hujamaliza tu? Unaomba mvua?"

Ilipopita saa nane walirudi. Aligusa boneti. Ilikuwa imepoa. Akampa Silima ufunguo.

Gari lilikohoa likanyamaza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu lilitoa moshi mweusi, injini ikagonga kama mchi kinuni, ikazima. Silima hakuthubutu kumtazama shangazi yake.

"Limechoka kungoja," alisema Azzam. "Hata wewe ukikaa sana si magoti yanagoma?"

Bi Kazija aliukumbatia mkoba. "Fatiha yangu nililisomea gari ulilonieleza, mwanangu. Hili sijalisomea."

Azzam aliunyakua ufunguo kwa Silima. "Haya, Alhamisi mumbebe mgongoni!"

Neno lile lilimfuata mpaka barabarani.

"Leo siku gani, Silima?"

"Jumanne, shangazi."

Bi Kazija aliuminya mkoba kifuani, akaianza upya Ayatul Kursiy aliyokuwa ameikata.