Kikohozi cha Safu ya Mbele

Mtu niliyemchukia kuliko wote duniani alikuwa na masikio makubwa, na kila Jumamosi saa tisa alasiri mimi ndiye niliyemvutia kiti akae.

Tulimwita Jaji. Hakuwahi kuwa jaji hata siku moja. Alikuwa karani wa mahakama, alichapa hukumu za wenzake kwa miaka thelathini, na alipostaafu akaanza kutoa za kwake. Alizitolea katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, ambako sisi wapenzi wa muziki wa klasiki tulikutana kulinganisha rekodi, kwa sababu mwenye duka, Bwana Miwani, ndiye aliyekuwa na spika za maana. Mchezo wetu tuliuita pazia. Mmoja wetu anaingia nyuma ya pazia na mashine, anacheza rekodi tatu za kipande kimoja bila kusema nani ni nani, na waliobaki wanasikiliza kisha wananyoosha mikono kuchagua iliyo bora. Jaji hakuwa na subira ya kunyoosha mkono. Alitaja mpigaji, ukumbi na mwaka, na hakukosea. Mwalimu wa Hesabu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akiyanakili maneno yake kwenye daftari.

Mimi waliniita Fundi, maana nafanya kazi studio, narekodi matangazo ya sabuni na mikopo. Hawakujua mimi ni mtoto wa nani.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa piano. Miaka kumi na tisa iliyopita, wakati wa likizo, alirekodi sonata moja, kipande kirefu cha piano chenye sehemu kadhaa, katika ukumbi wa shule. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kazi, nikamtegea vipaza sauti viwili vya kuazima. Sonata yenyewe ndiyo hiyohiyo Jaji aliyoifanya kipimo cha kila mpiga piano aliyewahi kuzaliwa. Mama akavaa gauni lake zuri, akaipeleka rekodi kwenye chumba kile kwa mkono wake. Nilimsubiri upande wa dukani, najaribisha fremu za miwani, mlango uko wazi. Haikupita dakika ya pili nikamsikia Jaji: "Zima, zima! Huyu mama anapiga piano kama anafua mashuka."

Wakacheka wote. Mama naye akacheka, kwa adabu tu, akachukua mkoba wake akaniambia twende. Tangu siku ile hakuigusa sonata ile. Miaka michache baadaye akaacha hata kufundisha, na piano yetu ikawa meza ya kuwekea dawa zake na bili za umeme.

Sikusamehe. Watu wananiambia kusamehe kunashusha presha. Yangu iko sawasawa, asanteni. Nilitaka kitu kimoja: Jaji, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, aseme Mama ni bora kuliko wote, halafu nimwambie amemsifu nani. Kwa ajili hiyo nilijiunga na wale wazee, nikakaa nao miaka miwili, nikachekea vichekesho vya Jaji mpaka mashavu yakaniuma.

Mwaka wa pili nikamshtukia. Siku hiyo nilikaa ubavuni pake, na ilikuwa inachezwa Rekodi ya Baridi, ile ya sonata hiyohiyo aliyoipenda kuliko zote. Ilirekodiwa mbele ya watu, katika ukumbi ambao mitambo ya joto ilikuwa imeharibika, na katika sehemu ya pili, muziki ukishatulia kabisa, mtu wa safu ya mbele anakohoa. Kho, kho. Kikavu, mara mbili. Jaji alikuwa amefumba macho, amekunja uso, amejikaza. Kikohozi kilipopita uso ukamfunguka, akaegemea kiti. "Ndiye yeye," akasema.

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo, ila safari hii alichongojea kilikuwa mlio wa kiti cha mpigaji. Nyingine, karatasi ya noti za muziki ikifunuliwa. Nikaelewa. Bwana mkubwa hakuwa anasikiliza muziki hata kidogo. Alikuwa amekariri kasoro zote za rekodi zote. Karani ni karani: alitafuta mhuri, na akiuona mhuri, hati ni halali.

Zamu yangu ya pazia ilipofika nilimjaribu. Nilichukua rekodi ya konseto, piano na okestra, aliyoisifia miezi mitatu mfululizo, nikaisafisha studio, nikakitoa kile kiti kinacholia.

"Huyu mwanafunzi," akasema Jaji. "Mkono wa kushoto mzito kama gunia."

Nyuma ya pazia niliuma kitambaa changu cha kichwa nisipige vigelegele.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama niliyelipwa. Kila saa ya chakula cha mchana nilijifungia studio, hedifoni kichwani, na rekodi mbili mbele yangu. Katika Rekodi ya Baridi nilikifuta kikohozi mpaka hakikubaki hata pumzi. Kisha nikaingia kwenye rekodi ya Mama kutafuta pa kukiweka. Mahali palikuwepo, safi, kana kwamba pameachwa wazi kwa ajili yangu: katika sehemu ya pili, kabla wimbo haujarudi, Mama ananyamaza. Nikakipachika hapohapo. Nikaongeza mvumo kidogo wa ukumbi mkubwa, nikapunguza ung'avu, nikasikiliza mara arobaini kuhakikisha hakuna mshono. Hakukuwa na mshono. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya, na haikuwa tangazo la mtu.

Jumamosi ya zamu yangu iliyofuata watu walijaa, tisa, Bwana Miwani akaongeza viti vya wateja. Nikaingia nyuma ya pazia.

Kwanza nikawachezea Rekodi ya Baridi isiyo na kikohozi. Jaji hakuificha hukumu. "Anajitahidi," akasema. "Lakini ni mtu wa mtaani huyu. Endelea." Ya pili ilikuwa ya kujazia tu. Ya tatu ikawa ya Mama. Nilimchungulia Jaji kwenye mpasuko wa pazia. Sehemu ya kwanza alikunja uso, hajui ashike wapi. Ikaja sehemu ya pili, Mama akanyamaza, kho, kho, na Jaji akaachia pumzi. Machozi yakamtoka, nayaapia, yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Hii ndiyo," akasema ilipoisha. "Wenzangu, msinyooshe hata mikono. Hakuna mtu aliyewahi kuipiga hivi, na hatatokea. Andika, Mwalimu."

Mwalimu wa Hesabu akaandika. Nikafungua pazia.

"Mheshimiwa," nikasema, "uliyemwita mtu wa mtaani ndiye bwana wako wa Rekodi ya Baridi. Nilimfutia kikohozi tu. Na huyu uliyemlilia ni mama yangu mzazi, mwalimu wa piano, aliyekuja humu miaka kumi na tisa iliyopita ukasema anafua mashuka."

Nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nimekiandaa kikohozi peke yake. Kho, kho. Nikakirudia. Kho, kho. Mara ya tatu Bwana Miwani akashindwa, akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Mwalimu wa Hesabu alichana ukurasa wa daftari, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Jaji alinywea kwenye kiti mpaka koti likamzidi. Roho yangu ilisuuzika jamani, siwafichi. Nilitamani siku ile iwe na saa hamsini.

Vicheko vilipopungua Jaji akainua kichwa. Hakujitetea.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Niwekee tena, Fundi. Bila kikohozi. Nataka nimsikilize yeye."

Rekodi halisi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaufunga zipu mbele ya macho yake.

"Zamu yako ilishapita," nikamwambia. "Ulizima mwenyewe."

Nilienda nyumbani natembea kama ninayecheza ngoma. Nilimkuta Mama sebuleni anasoma gazeti kwa lenzi. Nikamsimulia yote, nimesimama, naigiza sauti za watu, nakohoa kila inapobidi. Niliposema Jaji alilia, nikangoja afurahi. Akaweka lenzi chini.

"Hicho kikohozi ulikiweka wapi?"

"Sehemu ya pili, Mama. Kabla wimbo haujarudi. Palikuwa patupu."

"Patupu." Aliyatazama mafundo ya vidole vyake. "Mwanangu, kunyamaza kule nilikufanyia kazi miaka minne. Nikiwahi kurudi, wimbo unakuwa wa kila mtu. Nikichelewa, unakufa. Siku ile ya ukumbi ndipo nilipokipata kipimo chake. Mara moja tu maishani, na wewe ndiye uliyerekodi."

Mara arobaini nilikuwa nimepita mahali pale, natafuta mshono.

"Haya," akasema, "alipojua ni mimi, alisemaje?"

"Alitaka kusikiliza tena. Bila kikohozi. Alisema anataka akusikilize wewe."

Mama akainuka nusu kwenye kiti. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule, labda nilipokuwa mdogo. "Aliomba hivyo? Mbele ya watu? Ukamwekea?"

"Nilimnyima, Mama. Nilimkomoa. Baada ya yale aliyokufanyia..."

Akakaa tena, taratibu, kwa kushika mikono ya kiti.

"Yeye alinizima dakika ya pili," akasema. "Wewe umenizima leo, alipotaka kunisikia mpaka mwisho. Basi sasa mko wawili."

Akachukua lenzi yake akarudi kwenye gazeti, na mimi nikabaki nimesimama pale na mkoba begani.