Kipepeo Ndani ya Taa

Kila taa inayoingia nyumbani kwangu naikata waya kabla sijaipangusa vumbi. Naukata karibu kabisa na kitako, kwa koleo langu la enzi za reli, kisha naipandisha rafuni pamoja na wenzake. Ziko kumi na moja. Zote ni taa za mezani za utomvu mgumu wa kiwandani, zile ambazo Wabelgiji walikuwa nazo sebuleni miaka ya hamsini. Nyingine zina rangi ya asali, nyingine rangi ya chai isiyo na maziwa, na ndani yake mna majani makavu, makombe ya konokono, na mbawakawa mmoja aliyenyoosha miguu kana kwamba ana safari. Majirani zangu hapa mtaani Mikelenge wananiita Fundi wa Taa Zilizokufa. Sina ugomvi nao.

Wageni huuliza kwa nini mtu aliyefanya kazi ya umeme wa reli miaka ishirini na sita anakusanya taa asizoziwasha. Nawajibu kwamba uzee nao una michezo yake. Wanacheka, wanakunywa maji, wanakwenda zao. Mke wangu Sifa hajawahi kuuliza. Kila Jumamosi anazifuta moja moja, anazirudisha palepale.

Alhamisi iliyopita, mvua ikinyesha, Matata aliegemeza baiskeli yake barazani. Huyu Matata husafirisha mizigo kutoka Punia, na ndiye anayenitafutia taa katika nyumba za zamani za wakubwa wa migodi. Alifungua kitenge alichokizungusha mara tatu.

"Papa Okito, usinilaumu, njia ni matope tupu. Angalia muzuri. Kipepeo iko ndani."

Nikaangalia. Kipepeo wa buluu, mabawa wazi, katikati ya utomvu wa rangi ya asali. Miaka ishirini na ushei nilikuwa nikimwagiza taa hiyo, na kabla yake nilimwagiza baba yake. Nilidhani siku nitakapoiona moyo utapasuka. Haukupasuka. Nilichohisi ni njaa, na kwamba viatu vya Matata vinanichafulia sakafu.

"Njo yenyewe, ile unatafuta?" aliuliza.

"Inafanana nayo."

"Basi kazi yangu imeisha. Sasa utakuwa unanituma nini?"

Nilimpa redio yangu, kama tulivyokubaliana, akaifunga kwa kitenge kilekile akaondoka.

Taa ya kwanza ya kipepeo ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa reli, na mzungu yule alipofunga virago mwaka wa sitini alimwachia taa badala ya kwaheri. Sisi watoto tulikatazwa hata kuipumulia. Binti yangu Debora hakukatazwa. Alikuwa na miaka mitatu, na yule kipepeo wa ndani alimwita Tantine, shangazi kwa Kifaransa. Kila asubuhi alimsalimia: "Tantine, umeamka?" Kisha alijijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba kwamba ameamka.

Mwaka ule wa vita, mji wetu ulipozingirwa, treni haikuja, mashua hazikuja, na mafuta ya taa yakawa hadithi. Sifa alitoka asubuhi kutafuta sombe, majani ya muhogo, kwenye mashamba ya pembezoni, risasi zikamfungia njia, akakwama huko siku mbili. Mimi nilibaki na mtoto mwenye homa, katika chumba nilichokiziba dirisha kwa mbao na godoro. Ilikuwa mchana, lakini ndani huoni kiganja chako. Debora akalia. Homa aliizoea, alichokiogopa ni giza.

Mke wangu ni mtu wa Obokote, huko msituni. Nilipokwenda kwao kuposa, niliwaona wazee wakiwasha sandarusi, utomvu mgumu wa msituni. Una rangi ya asali, na mara nyingi utakuta mdudu amenaswa ndani yake. Unawaka taratibu na moshi wake unanukia kama ubani. Basi nikaitazama taa ya baba: rangi ileile, mdudu ndani. Mimi, fundi mwenye cheti, nikajiambia hii ni sandarusi, Wazungu wameichonga tu. Nikaivunja kwa nyundo, vipande nikaviwasha ndani ya kopo la sadini.

Mwanga ulipatikana. Debora alinyamaza, akauliza Tantine amekwenda wapi. Kisha moshi ukaja, mweusi, mzito, unaonuka mpira. Nililifunika kopo kwa sufuria, ukaendelea kupenya pembeni. Nje walikuwa wakipigana kwenye barabara yetu, na dirisha sikulifungua. Nilimwambia mtoto atulie, moshi utaisha. Ulichukua muda mrefu kuisha. Asubuhi ya pili hakuamka.

Sifa aliporudi nilimwambia ni homa. Kuhusu taa nilimwambia askari wameichukua. Vipande vilivyobaki nilikuwa nimevitupa chooni, ukuta nimeusugua kwa majivu, uso wa mtoto nimeufuta. Kwetu mtoto wa kike huoshwa na wanawake, kwa hiyo mimi nilikaa nje na wanaume, nikapokea pole. Mficha uchi hazai, wanasema, na sisi hatukupata mwingine. Watu waliacha kuniita Baba Debora, nadhani kwa huruma. Hata Sifa akaanza kuniita Papa Okito, kama wanavyoniita watu wa sokoni.

Siku hiyo ya Alhamisi Sifa alirudi kutoka sokoni akanikuta nimekaa mbele ya taa ya Matata, koleo mkononi.

"Umeipata," alisema.

"Nimeipata."

"Kama ile waliyoichukua askari."

"Hawakuichukua." Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kusukumwa. "Niliichoma mimi. Debora aliogopa giza. Nilidhani ni sandarusi, kama ya kwenu. Uliomuua ni moshi, Sifa. Si homa."

Nilingoja apige kelele. Alitua kapu la ndizi, akavua viatu, akavuta kiti.

"Mimi ndiye niliyemwosha," alisema. "Mimi na jirani yetu, Mama Misenga. Uso uliufuta vizuri. Puani hukufika. Humo mlikuwa masizi matupu. Mama Misenga aliyaona, akanitazama, nikamwambia endelea kumimina maji."

"Kumbe ulijua."

"Masizi niliyajua. Yametoka wapi, sikujua. Nimefuta taa zako miaka yote hii nikikungoja useme. Kuna mwaka nilitaka kukuua. Halafu nikachoka."

"Nilishindwa kusema."

"Najua."

Aliivuta taa karibu, akapapasa kwa kidole gumba mahali palipo na kipepeo.

"Hata mimi," alisema, "ningesema ni sandarusi."

Nilitaka kulia, kwa kuwa niliona kulia ndiko kunakostahili. Hakuna kilichotoka. Nilikuwa nasikia mvua juu ya bati na tumbo langu likinguruma. Mkono, kwa mazoea yake, ukaushika waya ukausogeza kwenye meno ya koleo.

"Huo usiukate," Sifa alisema. "Tia plagi mpya. Umeme wa sola leo upo."

"Sifa, tuiache tu."

"Tia, Baba Debora."

Nilipiga magoti kwenye sanduku la vifaa nikatafuta plagi. Mikono haikusahau kazi. Nilichuna nyaya, nikakaza skrubu ya kwanza, na wakati wote nilikuwa nikijiuliza kama taa hizi zikipata moto hutoa harufu. Nilipofika kwenye skrubu ya pili, Sifa aliinuka, akaenda dirishani, akalifungua, mbao zote mbili hadi ukutani. Mvua ikaanza kuingia sakafuni, naye hakulifunga.